Mbegu Zinakufa Ndani ya Kimiminika: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Malalamiko kuhusu shahawa za mifugo zinazohifadhiwa maabara hujirudia. Zilikuwa zinachemka kwa mwendo kwenye kikombe cha kukusanyia, dakika 10 baadaye hadubini inaonyesha zimesimama. Zililala vizuri usiku wa kwanza, kesho yake nusu hazitembei. Zimeyeyushwa kutoka kwenye naitrojeni na hakuna hata moja inayokwenda mbele. Lawama humwangukia dume au kopo la unga wa kimiminika, na mara nyingi vyote viwili havina kosa.

Baridi ikiua mbegu za kiume huacha alama yake, maji yana yake, bakteria nao wana yao. Kwa hiyo anza na unachokiona, halafu shuka kwenye vyanzo kwa mpangilio ulioandikwa: cha kwanza ndicho kinachotokea zaidi na ndicho rahisi kukagua. "Kimiminika" humu ni mchanganyiko wowote wa kuzimulia na kuhifadhia shahawa, uwe wa Trisi (bafa, yaani kemikali inayoshikilia pH isiyumbe) na kiini cha yai, wa maziwa yaliyotolewa mafuta, au wa glukosi na sitreti kama BTS inayotumika kwa nguruwe.

Mambo mawili kabla ya dalili yoyote

Gawa sampuli. Sehemu moja iende kwenye kimiminika unachokishuku, nyingine kwenye kimiminika cha fungu jingine au cha jana ambacho hakikuleta shida, zote mbili kwa joto moja na ndani ya mirija ya aina moja. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Anayebadilisha maji, mayai na antibiotiki kwa mkupuo mmoja anaweza kupona bila kujua dawa ilikuwa ipi, na tatizo litarudi.

Tumia kipimajoto cha pili. Namba inayoonyeshwa na beseni la maji ni ya kihisi chake, si ya mrija wako. Beseni likisema 37 wakati maji yana 41, utatafuta sumu wiki nzima na mbegu zinachemshwa mbele yako.

Dalili ya 1: Zimesimama zote mara tu baada ya kuzimua

*Slaidi baridi.* Hiki ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachosababisha shahawa nzuri kumwagwa. Meza ya chuma ya hadubini hunyonya joto la tone dogo ndani ya sekunde chache. Slaidi na vioo vya kufunikia vikae juu ya sahani ya joto la nyuzi 37 hadi 38 kwa dakika 5 kabla ya kazi, na ncha ya pipeti nayo iwe ya joto. Weka tone la maikrolita 10, funika kwa kioo cha milimita 22 kwa 22, angalia kwa ukuzaji wa mara 200. Tone kubwa huelea na kukuonyesha mkondo wa maji badala ya mwendo wa mbegu. Tone dogo hukauka pembeni na kuua. Ukiona zimesimama, rudia kwa slaidi nyingine iliyopashwa na usubiri dakika moja. Zikianza kutikisika, kimiminika hakina hatia.

*Zimelala, hazijafa.* Shahawa zilizokuwa kwenye nyuzi 5 au 17 hazitembei kwa sababu zimepoa, na ndiyo maana ya kuzihifadhi hivyo. Chukua mililita 1, iweke kwenye nyuzi 37 kwa dakika 10 hadi 15, kifuniko kikiwa kimelegezwa ili hewa iingie, uitikise polepole mara mbili tatu. Za nguruwe huchelewa kuamka kuliko za fahali. Usizihukumu kwa dakika 2. Kama bado una shaka, tumia rangi ya eosini na nigrosini: mbegu yenye utando uliopasuka huingiwa na rangi ya waridi, iliyo hai hubaki nyeupe. Ila rangi hiyo haiaminiki kwenye kimiminika chenye gliseroli, na yenyewe lazima iwe ya joto na yenye chumvi ya kutosha, vinginevyo rangi ndiyo itakayoua.

*Vichwa vimenasa kwenye kioo.* Tazama mikia. Ikiwa vichwa havibanduki lakini mikia inapiga, mbegu ni nzima. Kimiminika chako hakina protini na mbegu hunata kwenye kioo kitupu. Hali hii huonekana sana kwenye vimiminika vya glukosi na sitreti visivyo na yai wala maziwa. Kwa kipimo cha hadubini, changanya tone na kimiminika chenye albumini miligramu 1 hadi 3 kwa mililita.

*Joto la shahawa na la kimiminika havikulingana.* Tofauti isizidi nyuzi 1 au 2 wakati vinakutana. Shahawa mbichi zikae kwenye nyuzi 32 hadi 35 na zizimuliwe ndani ya dakika 10 hadi 15.

*Zimezimuliwa kwa kishindo.* Mimina kimiminika kwenye shahawa, si shahawa kwenye kimiminika. Anza na kiasi sawa kwa sawa, zungusha mrija mkononi, subiri dakika chache, ndipo umalizie. Mbegu chache zilizotupwa ghafla kwenye kimiminika kingi hupoteza kinga ya majimaji ya dume na kudhoofu, hata kama kimiminika ni kizuri.

Kama hayo yote yako sawa na nusu ya pili ya sampuli, iliyo kwenye kimiminika kingine, inatembea, nenda moja kwa moja kwenye dalili ya 2 na sehemu ya sumu mwishoni.

Simama hapa: shahawa zenye rangi ya waridi, nyekundu au kahawia zina damu, zenye mabonge ya rangi ya krimu na harufu mbaya zina usaha, za njano zinazonuka mkojo zina mkojo. Usijaribu kuziokoa kwa kimiminika. Mwache dume, mwite daktari wa mifugo. Brusela na leptospira huambukiza watu pia, kwa hiyo kikombe hicho kishikwe kwa glavu na kitakaswe.

Dalili ya 2: Mikia imejikunja au imepinda kama kipini cha nywele

Mkia uliojiviringisha kama pete, au uliokunjwa katikati kichwa kikaelekea iliko ncha ya mkia, mara nyingi unasema kwamba maji yameingia ndani ya seli. Kimiminika, au kitu kilichogusa shahawa, kina chumvi na sukari pungufu.

Kwanza hakikisha si dume. Chukua tone moja kwa moja kutoka kwenye kikombe cha kukusanyia, kabla halijagusa chochote, ulitie kwenye formalini yenye bafa ya chumvi, kisha uhesabu mbegu 100. Mikia ikiwa imejikunja tayari humo, shida ni ya korodani au ya mirija yake, na hiyo ni kazi ya daktari. Ikiwa imenyooka humo na imekunjwa kwenye kimiminika, endelea.

*Maji ya bahati mbaya.* Mrija ulioshwa haukukauka. Uke bandia (kifaa cha kukusanyia shahawa za dume) umevuja. Jasho la maji limedondoka kutoka kwenye kifuniko cha beseni. Mrija wa shahawa zilizogandishwa umekatwa kabla ya kufutwa. Maji kidogo tu kwenye nusu mililita yanaweza kukunja mikia. Kagua haya kwa macho kabla ya kugusa mizani.

*Umepima kemikali ya umbo jingine.* Hili huwapata hata wazoefu. Sodiamu sitreti huuzwa ikiwa kavu kabisa (uzito wa moli 258) au ikiwa imebeba molekuli 2 za maji (294). Kimiminika cha zamani cha sitreti kinataka gramu 2.9 za ile yenye maji kwa mililita 100. Ukipima gramu hizohizo za ile kavu, kimiminika kinakuwa kizito na mbegu zinasinyaa na kuwa nzito wa mwendo. Kosa la kinyume chake linakunja mikia. Asidi ya sitriki (192 na 210) na glukosi (180 na 198) zina mtego huohuo. Soma lebo ya chupa, si jina peke yake.

*Hesabu au mizani.* Kipimo kimojawapo cha Trisi kwa fahali ni hiki: Trisi gramu 2.42, asidi ya sitriki yenye maji gramu 1.37, fruktosi gramu 1.0, jaza maji yaliyotoneshwa hadi mililita 100. Hapo pH hutua karibu na 7 na msongo wa osmosisi (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka) karibu na miliosmoli 300. Kiini cha yai asilimia 20 na gliseroli asilimia 6 hadi 7 huongezwa baada ya hapo. Kama una osmomita (kifaa cha kupima msongo huo), pima kabla ya kutia gliseroli, kwa sababu gliseroli peke yake hupandisha namba kwa zaidi ya 800 na kuficha kosa. Kinachotakiwa ni kati ya 280 na 320. Kama huna, usijaribu kurekebisha kwa kuonja na kuongeza chumvi: mwaga, kagua mizani kwa jiwe la uzito unaojulikana, pima upya.

Dalili ya 3: Zinazunguka duara, zinarudi nyuma, au zinatetemeka bila kwenda

Huu ni mshtuko wa baridi mpaka ithibitike vinginevyo. Utando wa mbegu ni mafuta. Ukishuka haraka kutoka joto la mwili hadi chini ya nyuzi 15, mafuta hayo huganda kwa mabaka, utando huvuja, kalisi huingia, akrosomu (kofia ya kichwa cha mbegu) huharibika. Mbegu za nguruwe ndizo dhaifu zaidi. Za fahali, kondoo na farasi hufuata. Hazirudi zilivyokuwa hata ukizipasha, kwa hiyo juhudi yote iende kwenye kuzuia.

*Kikombe cha kukusanyia.* Kioo kilichotoka kabatini asubuhi kina joto la chumba. Kipashe hadi 37, kivishe kifuko cha joto, kifunike dhidi ya upepo. Umbali mfupi kutoka kwa dume hadi maabara unatosha kushusha mililita 5 za fahali kwa nyuzi nyingi.

*Kasi ya kupoza.* Mrija uliosimamishwa peke yake, bila koti lolote, ndani ya jokofu hushuka haraka mno. Njia isiyo na gharama ni koti la maji: mrija wa mililita 10 usimame ndani ya bika yenye mililita 400 za maji yaliyo na joto lilelile la mrija, kisha bika nzima iingie kwenye jokofu la nyuzi 5. Itachukua saa 2 hadi 3. Kuijua kasi yako hasa, weka mrija pacha wenye kimiminika bila shahawa, kihisi kikiwa ndani, na uandike joto kila dakika 10. Jedwali hilo ukilifanya mara moja linakutumikia mpaka ubadilishe jokofu. Kasi ikizidi nyuzi 0.5 kwa dakika, ongeza maji ya koti. Kati ya 20 na 5 ndipo pa hatari. Hapo polepole zaidi ni bora zaidi.

*Kinga haitoshi.* Kiini cha yai na kasini (protini) ya maziwa hufunika utando wakati wa kupoa. Yai la zamani, kiini kilichochanganyika na ute, au kipimo kilichopunguzwa ili hadubini ionyeshe vizuri, vyote huacha mbegu wazi. Tumia yai bichi la siku chache, lifute kwa alkoholi asilimia 70 na uliache likauke kabisa, lipasue, zungusha kiini juu ya karatasi ya kuchujia mpaka ute wote ubaki kwenye karatasi, toboa ngozi ya kiini na uvute kilichomo kwa bomba la sindano lisilo na mpira. Ngozi ibaki nje. Chembe za kiini zikikusumbua kwenye hadubini, zungusha kimiminika kwenye sentrifuji au kiache kitulie usiku kucha kwenye jokofu, uchukue cha juu.

*Nguruwe kwenye jokofu la kawaida.* BTS na wenzake ni vya nyuzi 16 hadi 18. Chini ya 15 ni hasara. Acha chupa zipoe kwa joto la chumba saa 1 hadi 2, ndipo ziingie kwenye kabati la nyuzi 17.

Dalili ya 4: Zilianza vizuri, zinaisha haraka

Saa ya kwanza mwendo ni asilimia 80, siku ya pili ni 30. Hapa hakuna kishindo, kuna uvujaji wa polepole, na vyanzo vinaweza kuwa viwili kwa pamoja.

*Joto la hifadhi linayumba.* Jokofu linalofunguliwa kila mara, au mirija iliyowekwa kwenye mlango, au iliyogusa ukuta wa nyuma unaogandisha. Weka kipimajoto kinachokumbuka cha juu na cha chini, usome baada ya saa 24. Kupanda na kushuka huua kuliko kukaa nyuzi 2 juu ya kipimo.

*Bakteria.* Shahawa hazitoki tasa. Govi la dume lina uchafu wake. Bakteria hula sukari yako, hutoa asidi na sumu, na hushikamanisha mbegu. Dalili tatu kwa pamoja ni mbegu kugandamana kichwa kwa kichwa, pH iliyoshuka kuelekea 6 au chini yake, na harufu chachu. Kwa nguruwe hali hii hujitokeza mara nyingi baada ya saa 36 hadi 48, kwa sababu nyuzi 17 haziwazuii bakteria kama nyuzi 5.

Ukaguzi mwepesi: kimiminika kitupu, bila shahawa, kikae nyuzi 37 usiku mzima. Kikichafuka, bakteria wanatoka kwenye maji, mayai au vyombo, si kwa dume. Chupa ya maji yaliyotoneshwa iliyofunguliwa wiki iliyopita ni mtuhumiwa wa kwanza. Mkorogo wa antibiotiki unaotumika sana kwa fahali ni jentamisini mikrogramu 500, tailosini 100, linkomisini 300 na spektinomisini 600 kwa kila mililita. Wa zamani ni penisilini yuniti 1,000 na streptomisini miligramu 1. Penisilini iliyoyeyushwa hupoteza nguvu kwa siku chache, hivyo gawanya kwenye vichupa vidogo, gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na kichupa kilichoyeyuka kisigandishwe tena.

Simama hapa: usiongeze dozi ya antibiotiki kwa kubahatisha. Zikizidi zinaua mbegu zenyewe na kulea bakteria sugu. Peleka sampuli ioteshwe na kupimwa dawa inayowaweza. Shahawa zilizogandamana na kuchacha zisipandikizwe kwa jike yeyote, hata kama asilimia kidogo zinatembea.

*Zimejaa mno.* Mbegu zilizo hai hutengeneza asidi ya laktiki. Zikisongamana, bafa huzidiwa. Kwa nguruwe lenga mbegu milioni 30 kwa mililita, yaani bilioni 3 kwenye chupa ya mililita 100. Kwa farasi zinazopozwa, milioni 25 hadi 50. Hesabu kwa chemba ya kuhesabia, usikadirie kwa rangi. Chupa za nguruwe zilazwe ubavu na kugeuzwa taratibu mara 2 kwa siku, maana mbegu huzama na kulundikana chini.

*pH ilipimwa kwa joto jingine.* Trisi hushuka karibu 0.03 kwa kila nyuzi 1 inayopanda. Kimiminika ulichokiweka 7.0 kwa nyuzi 25 kitasoma karibu 6.7 kwenye 37, na kupita 7.5 kwenye 5. Sawazisha mita kwa bafa za 7 na 4 zilizo kwenye joto lilelile, na uandike joto pembeni ya kila pH. Vimiminika vyenye bikaboneti navyo huhitaji subira: baada ya kuyeyusha unga, acha saa nzima pH itulie, na utumie siku hiyohiyo.

*Waliokufa wanawaua walio hai.* Mbegu za fahali zilizokufa huachia kimeng'enya kinachokula asidi amino za kiini cha yai na kutoa peroksidi ya hidrojeni. Ndiyo maana sampuli iliyoanza na maiti asilimia 40 huporomoka kwa kasi isiyolingana na nyingine. Jaza mrija karibu na mdomo ili hewa iwe kidogo, weka gizani, na usihifadhi sampuli iliyoanza dhaifu. Kimiminika cha Caprogen cha New Zealand, kinachohifadhi shahawa za fahali bila jokofu, kilijengwa juu ya hoja hii: hupitishiwa gesi ya naitrojeni kufukuza oksijeni na hutiwa katalasi ya kuvunja peroksidi.

*Mwanga.* Taa kali na jua la dirishani huzalisha peroksidi ndani ya kimiminika. Karatasi ya foili inatosha.

Dalili ya 5: Shahawa za beberu zinaganda au kufa kwenye yai na maziwa

Kimiminika kilekile kinafaa kwa fahali na kondoo, kwa beberu kinaharibika. Si uchafu. Majimaji ya beberu yana kimeng'enya kutoka kwenye tezi za balbu kinachovunja lesithini ya kiini cha yai na kuifanya lisolesithini, ambayo ni sumu kwa utando wa mbegu. Kimeng'enya kingine kutoka tezi hizohizo huvunja mafuta ya maziwa kuwa asidi ya oleiki, nayo hudhuru. Kwenye nyuzi 37 uharibifu huonekana upesi kuliko kwenye 5.

Jaribio la kwanza ni kupunguza kiini hadi asilimia 2 au 3. Isipotosha, osha mbegu: zimua mara 10 kwa Trisi isiyo na yai kwa nyuzi 37, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 500 hadi 700 (mara 500 hadi 700 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 10, mwaga cha juu, rudia mara moja. Utapoteza baadhi ya mbegu kwenye sentrifuji, na tope lililobanwa sana halifumuki tena vizuri, kwa hiyo usipandishe nguvu ili kuokoa muda.

Maziwa, kwa dume yeyote, lazima yapashwe nyuzi 92 hadi 95 kwa dakika 10, chombo kikiwa ndani ya maji yanayochemka. Maziwa mabichi yana laktenini inayoua mbegu, na joto hilo ndilo linaloivunja. Yachujwe yakipoa.

Dalili ya 6: Zilikuwa nzuri kabla ya kugandishwa, hazipo baada ya kuyeyushwa

*Kuyeyusha.* Maji ya nyuzi 35 hadi 37, kwa kipimajoto, sekunde 40 au zaidi kidogo. Kuyeyusha mrija kwa kuusugua kiganjani au kuuweka kwenye mfuko wa shati ni kupoteza mbegu bure. Futa mrija kabisa, ukate, tumia ndani ya dakika 15, na kifaa cha kupandikizia kiwe na joto.

*Kunyanyua kapu.* Mrija wa mililita 0.25 ni mwembamba na hupata joto upesi. Kapu libaki chini ya mstari wa ukungu shingoni mwa tangi, na kutafuta kusizidi sekunde 10. Ikishindikana, rudisha chini, pumzika, anza tena. Barafu iliyo ndani ya mrija huanza kujipanga upya kuwa fuwele kubwa hata kabla haijayeyuka, na madhara hayo hujumlika kila kapu linaponyanyuliwa. Ndiyo sababu mirija ya chini ya kapu huwa mizuri na ya juu mibaya.

*Gliseroli pungufu.* Ni nzito, hunata kwenye pipeti. Ipime kwa mizani: mililita 7 ni gramu 8.8. Ichanganye sawasawa, la sivyo mirija ya mwanzo na ya mwisho haitafanana.

*Haikupewa muda kwenye nyuzi 5.* Shahawa za fahali zikae saa 3 hadi 4 kabla ya mvuke wa naitrojeni. Kisha mirija ilale sentimita 4 hivi juu ya naitrojeni kwa karibu dakika 10, ndipo izamishwe.

Kutenganisha kosa la kugandisha na la kuhifadhi, yeyusha mrija mmoja siku moja baada ya kugandisha na mwingine baada ya mwezi, uangalie mara mbili: mara tu baada ya kuyeyuka, na baada ya saa 2 kwenye 37. Wa kwanza ukiwa mzuri na wa pili mbaya, tatizo liko kwenye tangi.

Simama hapa: tangi lenye jasho au barafu kwa nje, shingoni au ubavuni, limepoteza utupu wake. Usisubiri kesho. Hamishia mirija kwenye tangi zima na uite fundi wa matangi. Usilitoboe wala kulifunga kifuniko kwa nguvu. Lita 1 ya naitrojeni hutoa karibu lita 700 za gesi isiyo na harufu inayosukuma oksijeni nje ya chumba. Ukiona mwenzako ameanguka karibu na tangi kwenye chumba kilichofungwa, usikimbilie ndani peke yako: fungua milango, ita msaada wenye vifaa vya kupumulia. Kina cha naitrojeni hupimwa kwa kijiti kikavu cha mbao, kamwe si kwa bomba lenye tundu.

Dalili ya 7: Zinakufa ndani ya inkubeta

Hii ni ya wanaotungisha mayai maabara. Kimiminika chenye bikaboneti milimoli 25 kinahitaji kaboni dioksidi asilimia 5 ili pH iwe karibu 7.4. Kikikaa juu ya meza, rangi ya fenoli inayoonyesha pH huelekea zambarau. Mbegu zishughulikiwe kwenye kimiminika chenye Hepesi (bafa isiyohitaji kaboni dioksidi) badala yake. Kinyume chake, kile cha Hepesi chenye bikaboneti kidogo kikiingizwa kwenye inkubeta ya kaboni dioksidi kikiwa wazi, hugeuka njano na kuchacha. Maabara iliyo juu sana ya usawa wa bahari inahitaji asilimia zaidi: hewa ikiwa na mgandamizo wa milimita 620 za zebaki badala ya 760, asilimia 5 inafanya kazi kama 4, na itakubidi uweke karibu 6. Na kumbuka kwamba kwenye nyuzi 38.5 mbegu za fahali zinatumia nguvu zao zote. Albumini miligramu 6 kwa mililita huzisaidia, lakini kwa saa chache, si siku.

Wakati kila kitu kinaonekana sawa: kupima sumu

Joto sawa, pH sawa, osmosisi sawa, bado zinakufa. Kinachobaki ni kilichozigusa. Watuhumiwa kwa mpangilio: mpira mweusi wa bomba la sindano, glavu za mpira zenye unga, sabuni au dawa ya kuua vijidudu iliyobaki kwenye kioo, alkoholi isiyokauka, mafuta ya kulainishia uke bandia, aina mpya ya mirija ya plastiki, na katriji ya mtambo wa maji iliyopitwa na muda.

Chukua shahawa nzuri, zizimue, zigawe kwenye mirija ya kioo safi. Mmoja ubaki na shahawa peke yake kama kilinganishi. Kwenye kila mmoja wa mingine tia kipande cha kitu kimoja: mpira wa sindano, kipande cha glavu cha sentimita 1, tone la mafuta. Weka 37, angalia mwendo baada ya dakika 30, saa 1 na saa 2, na anayesoma asijue mrija upi una nini. Mpira mbaya wa sindano mara nyingi hujisema kwenye usomaji wa pili: kilinganishi kinachemka, mrija wenye mpira umetulia kama maji ya mtungi. Kwa maji, tengeneza vimiminika viwili kwa kemikali zilezile, kimoja kwa maji yako na kingine kwa maji ya chanzo tofauti, uvilinganishe vivyo hivyo.

Vyombo vya kioo vioshwe bila mabaki, visuuzwe mara nyingi kwa maji yaliyotoneshwa, vikaushwe kwenye oveni. Kama kilinganishi chenyewe kimekufa pamoja na mirija yote, rudia jaribio kwa shahawa za dume wa pili. Nazo zikifa, funga kazi ya siku hiyo na upeleke maji na kimiminika kwenye maabara yenye osmomita na vifaa vya kuotesha bakteria, pamoja na daftari lako la joto.